Ufunguo wa Shahidi

Jumatatu, 3 Machi

Nimesimama mbele ya mawakili wote watatu wa ofisi na sauti haikutetemeka! Nilikuwa nimejiandaa kutetemeka.

Walitaka kujua tuzifunge barua pepe zetu kwa njia ipi, S/MIME au PGP. Nikawaambia makufuli yote mawili ni imara. Kinachotofautiana ni nani anakuhakikishia kwamba ufunguo ni wa anayesema ni wake. S/MIME ina mamlaka inayotoa vyeti, na kompyuta inaviamini bila kukuuliza. Raha tupu. PGP, kila mtu anajitengenezea funguo zake: wa wazi, wa kufungia, anaugawa; wa siri, wa kufungulia, anabaki nao. Kuaminiana ni kazi yenu. Kila ufunguo una alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mnakutana, mnasomeana alama.

Shangazi (ofisini ni Wakili, ameshanionya) akauliza kama nilisomeshwa miaka yote hiyo ili nije kuwasomesha watu wazima herufi. Wakacheka. Nikacheka nao. Kisha nikajibu: benki na mahakama, cheti. Shahidi wetu, PGP. Kwa sababu vyeti vingi vya barua pepe vinathibitisha tu kwamba unaishika ile anwani. Mtu akiiteka anwani ya shahidi, anaweza kuiombea cheti kipya, na kompyuta zetu zitamkaribisha ndani.

Vicheko vikaisha. Wote watatu wakashika kalamu!

Jumatano, 5 Machi

Shahidi amekuja, mara moja tu, kwa mlango wa nyuma. Ni mhasibu. Aliwaona waajiri wake wakighushi hesabu, sasa anajificha na hata sisi hatujui wapi. Ametuachia namba ya dada yake, ya dharura tu.

Tuliketi chumba cha mashine ya kunakili, magoti yakigusana. Nikamsomea alama yetu, akanisomea yake. Akauliza, na wewe ukikosea je, mdogo wangu?

Nikaanza kusoma upya, kutoka herufi ya kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Wakili ameitumia ofisi nzima ufunguo wake. Ule wa siri!!

Nilimfuata nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa nifanyeje, mama?" Huniita mama akikwama. Hati ya kuubatilisha nilishaitayarisha tangu siku ile ile niliyomtengenezea. Nawajua watu wangu. Kabla ya chai alikuwa na funguo mpya.

Hakushukuru. Ila mlango wake aliufunga taratibu, yeye ambaye huubamiza.

Jumanne, 11 Machi

Barua kutoka kwa shahidi. Simu imeibwa, ufunguo wa zamani umepotea nayo, huu hapa mpya. Anaomba tumwandikie tena ni wapi dereva wetu atamchukua kesho. Anwani ni yake. Hata ile "asanteni sana jamani" ya mwisho ni yake.

Wakili akasema tuma. Nikakataa. Mimi! Sijawahi kumkatalia Shangazi hata sahani ya pili.

Akafoka: kesho bila shahidi hakuna kesi, na mtoto wa kaka yangu ananidai herufi! Nikasema angekuwa na ufunguo wa zamani, angeutumia kuutia sahihi huu mpya. Hauna sahihi ya mtu yeyote. Huenda kweli ameibiwa. Huenda wanaomtafuta wameiteka anwani, na tukituma watamngoja pale pale. Barua ikishatoka hairudi.

Kisha akavuta simu ya mezani, akapiga namba ya dada, akaiweka spika. Akanisukumia kiti chake. Yeye akabaki wima!

Haikupokelewa. Amepiga tena. Naandika huku inaita, mikono ipate kazi. Alama ya ufunguo mpya iko kwenye skrini mbele yangu: shahidi akisoma hiyo hiyo, ni wake; ikitofautiana, hatutumi.

Wakili mwenzake amechungulia, anauliza kama tumeshatuma. Shangazi hakugeuka. "Usiniulize mimi. Muulize mwenye kazi yake."

Mwenye kazi yake!

Inaita. Inaita — imepokelewa. Mwanamke. "Halo" tu, ya chini. Sijui ni dada au ni yeye, au ni nani.

Shangazi ameniwekea mkono begani. "Haya, mama. Mwambie asome."