Baba, na Karatasi Iliyobaki Kwenye Printa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na sisi uliotuacha bado ni waoga. Watu walituambia huzuni hupungua. Woga hawakuutaja. Simu ikilia alasiri Mama huacha chochote alichoshika, na mdogo wangu hapokei mpaka aketi kwanza, kwa sababu ile simu ya hospitali ilimkuta amesimama.

Wengine watakaosoma hapa hawakukujua, basi tuwaambie kidogo. Ulikuwa mwalimu katika chuo cha wachungaji. Ulifundisha maandiko ya Wakristo wa kwanza, yale yaliyoingia kwenye Biblia na yale yaliyoachwa nje. Wanafunzi walikupa jina la Bwana Ndani-Nje, nawe ukajifanya hujui. Sebuleni kwetu kulikuwa na rafu mbili, ya ndani na ya nje, na Mama akifuta vumbi ile ya nje aliipitia haraka haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Ulizoea kutupanga na sisi. Ulisema kanisa la mwanzo lilikuwa na vitabu vya aina tatu: vilivyokubaliwa, vilivyokataliwa, na vilivyobishaniwa. Maziwa yaliyoungua yalikataliwa. Mume wangu alipokuja nyumbani mara ya kwanza ulimwambia Mama, mbele yake, kwamba huyu ni wa kubishaniwa, na akabishaniwa hadi tulipopata mtoto wa pili. Ulicheka kile kicheko chako kisicho na sauti, mabega yanapanda na kushuka, huku unapapasa meza kutafuta miwani iliyokaa juu ya paji lako la uso.

Na ulikuwa husemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Ukiulizwa usilolijua ulisema "sijui" kwa sauti ya kawaida tu, mwalimu mzima, mpaka tukaona aibu kwa niaba yako. Kuuliza si ujinga, ulituambia, na kutojua si aibu.

Sasa tuseme lile ambalo watu wengi wanalijua nusu.

Mama alikuwa msomaji wa zamu kanisani. Macho yake yalipoanza kufifia, ulijitwika kazi ya kumchapia somo la Jumapili kwa herufi kubwa na kumwachia kwenye printa. Jumamosi moja ulichapa pia tafsiri yako mwenyewe, kwa herufi zilezile, maana macho yako nayo yalikuwa yanakuangusha ingawa hukutaka kusema. Ilikuwa njozi ya kale juu ya adhabu za motoni, kitabu ambacho makanisa mengine ya zamani yalikisoma na mengine yalikikataza. Ulikuwa umekigawa kwa sura na aya, kama vilivyogawanywa vitabu vya ndani. Asubuhi Mama alichukua karatasi mbili za juu, akazikunja, akazitia mkobani.

Kanisani ilianza vizuri. Bwana ameketi na wanafunzi wake, nao wanamwuliza maswali. Ulinishika mkono kabla sentensi ya pili haijaisha, na mkono wako ulikuwa wa baridi. Mama ana sauti nzuri, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Alisoma habari za shimo na za watu walioning'inizwa humo kwa ndimi zao, kila mmoja kwa kosa lake, polepole, akipumzika kwenye kila nukta kama ulivyomfundisha. Akafika kwa kina mama ambao watoto wao walikufa kwa uzembe. Hao hawakuchomwa. Waliketishwa tu, na kila mtoto akaketi mbele ya mama yake, anamtazama, hasemi neno. Karatasi zikaishia hapo. Mama akasema hilo ndilo neno la Bwana, na kanisa zima likaitikia Amina.

Nyuma yetu mtu alianza kulia kama anayejiziba mdomo kwa kitambaa. Nilikutazama nikitegemea uinuke, hukuinuka. Baadaye ulisema hukutaka kumwaibisha mke wako mbele za watu, na nilikuamini, Baba. Lakini nilikuwa nimekushika mkono, nilijua pia kwamba uliogopa.

Mchungaji, ambaye alikuwa mwanafunzi wako, tulimkuta ofisini uso unang'aa. Watu walikuwa wamejaa mbele kutubu, hajawahi kuona. Ukamweleza kilichotokea. Akakuuliza kama si wewe uliyemfundisha darasani kwamba yako makanisa yaliyokisoma kitabu hicho. Basi leo, akasema, na sisi tumekuwa mojawapo. Akakushauri kwa heshima zote uyaache yalivyo. Ukisema, Mama ataonekana hajui anachosoma, na chuoni, ambako walikuwa wameshaanza kunong'ona juu yako kwa ajili ya rafu yako ya nje, watapata walichokuwa wakikitafuta. Na moyo wako je? Daktari alishakuonya. Hakuwa mtu mbaya. Nyumbani sote tulimwunga mkono, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimewaona watu wakitoka kanisani bila kusalimiana. Hata mimi, nikiwatazama wanangu wakila, nilijikuta naogopa macho yao.

Katikati ya wiki Mama alikwenda kuchukua sketi yake kwa fundi cherehani wa nyumba ya kona. Alirudi bila sketi, akaketi jikoni na mkoba ungali begani. Fundi yule tulimjua sote. Mwanawe wa pekee alikufa kwa homa wakati yeye anamalizia oda ya sare za shule. Alidhani homa itashuka yenyewe, akasema ngoja nimalizie vifungo. Alikuwa ameubeba mzigo huo miaka mingi, na kazi yake nzuri akaendelea nayo, na utani pia. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Viti vyote vya nyumba alikuwa amevigeuza vikatazama ukuta na kuvibana pale, ili asiwepo wa kuketi mbele yake. Chakula alichopelekewa na majirani kilikuwa palepale kilipowekwa. Alimwambia Mama, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya zipu, kwamba mtoto hajakasirika, anamtazama tu.

"Nimemuua yule mama," Mama alisema. "Nimemuua kwa mdomo wangu huu."

Ulivaa viatu bila soksi. Nilikufuata kwa kuwa niliogopa kukuacha utembee peke yako, na kusema kweli niliogopa zaidi kuingia mle ndani. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, tepu ya kupimia bado shingoni. Hakutusalimu.

"Mwalimu, yale yamo kwenye Biblia au hayamo?"

"Hayamo," ulisema.

"Kwa hiyo ni uongo."

Baba, pale nilikuombea useme ndiyo. Neno moja tu, na yule mama angekula. Nikasikia bomba la uani linavyodondosha maji. Kisha ukamwambia kwamba kitabu kuachwa nje hakukifanyi kuwa cha uongo, na kwamba lile alilokuuliza hasa, kama mwanawe yuko mahali anamtazama, hulijui. "Sijui, mama." Nilikuchukia. Nilidhani Mama alianza na wewe umemalizia.

Ndipo ukatoa mfukoni karatasi ya tatu, ile iliyobaki kwenye printa.

Ukaketi sakafuni, wewe na magoti yako yale, ukamsomea. Waliookoka wamealikwa karamuni, meza imejaa, lakini hawali. Mmoja anainuka na kumwulizia mtu wake, mbona hayupo. Bwana anamjibu kwamba kila watakayemwulizia watapewa. Basi wanaanza kuulizia, huyu wa kwake na huyu wa kwake, na kule shimoni watu wanaanza kupungua.

Fundi akataka kujua kwa nini hilo halikusomwa. Ukamwambia ukweli, kwamba lilibaki kwenye printa, na kwamba si mara ya kwanza kubaki. Wako watu wa zamani waliouogopa moto wa kitabu hiki, wakakiacha nje chote. Wako wengine walioogopa mwisho wake, wakihofu kwamba watu wakijua watauliziwa watafanya madhambi kwa raha zao, wakaukata mwisho na kubakiza moto. "Kila mmoja alikata pale alipoogopa," ulisema.

Aliivua ile tepu shingoni. Akauliza, "Na mtoto anaweza kumwulizia mama yake?"

Ulivuta karatasi karibu na macho, ukaipitia upya, ingawa uliitafsiri wewe mwenyewe. "Imeandikwa kila mtu," ulimjibu. "Haikusema wakubwa tu."

Alilia, Baba, na mimi nikalia, nikijifanya nafunga dirisha. Alikula ndizi nusu mbele yetu. Tulipotoka alikuwa amegeuza kiti kimoja, kimoja tu, na akakikalia mwenyewe.

Nilidhani yamekwisha. Wewe ulijua bado, maana kanisa lilikuwa limejaa watu wengine waliorudi nyumbani na karatasi mbili. Jumapili ulipoinuka, Mama alifumba macho, nami nikatazama vidole vyako vilivyoshika mgongo wa kiti kana kwamba nikiacha kuvitazama utaanguka. Ulisema somo lile halikuwa la Biblia. Ulisema kosa ni lako, msomaji hana hatia. Ukasoma karatasi ya tatu mpaka mwisho, na mchungaji hakukuzuia, ila alikuwa ameinama. Nje watu wengine walikupa mkono. Wengine walizunguka jengo ili wasikutane nawe.

Mama akaondolewa kwenye zamu ya kusoma. Chuo kikakuambia upumzike mpaka watakapokuita, na hawakukuita. Hukulalamika, ila ulianza kuchomekea shati kila asubuhi na kukaa sebuleni, umevaa kama mtu anayengoja gari. Moyo ukachoka kabla mvua hazijaanza. Daktari alituambia ulikuwa umechoka zamani, hakuna kilichouharakisha. Tunamwamini siku nyingine, na siku nyingine hatumwamini.

Sasa tufike pale tunapopaogopa.

Saa ya kuona wagonjwa, alasiri ile hospitali ilipotupigia simu tuje, tulikuwa sote kitandani pako. Ulitutazama mmoja mmoja, kisha ukasema, "Naogopa." Ulisema kwa sauti ileile ya kawaida uliyokuwa ukisemea sijui. Nyumba nzima ya vitabu, rafu mbili, na hakuna aliyekumbuka aya moja. Mama alianza wimbo, hakuufikisha kiitikio. Mdogo wangu, fundi umeme, mtu anayeshika nyaya, alitoka nje akaegemea ukuta wa korido. Mimi nilikunja shuka lako na kulikunjua. Nilikuwa nakutegemea wewe usiogope, ili na mimi nipate pa kushika.

Fundi cherehani akaingia, amechelewa, vipande vya uzi bado kwenye gauni. Hakuuliza hali yako. Alikuona.

"Unaogopa, Mwalimu?"

Ukakubali kwa kichwa.

"Basi nisikilize. Nikifika mimi, nitakuulizia. Sitaketi mezani. Nitasema Mwalimu wangu yuko wapi, na nitaendelea kuuliza mpaka waniletee."

Uligeuza uso ukamtazama, na hata pale ukashindwa kuupokea uongo. "Na kama karatasi ile si ya kweli?"

"Sijui," alisema. "Lakini nitauliza."

Ukafumba macho. Hatuwezi kusema woga ulikuisha. Wewe usingependa tuseme tusilolijua. Tunajua tu kwamba ulimpa mkono wako, na mkono ule, tulipokuja kuushika sisi, ulikuwa na joto.

Unakumbukwa na mke wako, ambaye mwezi uliopita aliombwa kurudi kwenye zamu na bado anaogopa kukubali, na mimi mkubwa wao ninayeandika haya, na mdogo wangu fundi umeme, na mkweo, na dada yako, shangazi yetu, anayesema ungetuambia tuache kulia tukale, na wajukuu wako. Anakukumbuka pia fundi wa nyumba ya kona. Si ndugu, lakini alitaka awekwe humu, na hakuna aliyembishania.

Sisi bado tunaogopa, Baba, na bado hatujui. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na atakayetangulia kufika kati yetu hataketi. Atakuulizia.