Mwandiko Ule Ni Wangu

Migori, 10 Novemba 1996

Kwa Anti Dorah, huko Homa Bay,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata kanisani: Mama haoni tena. Barua zote ulizopata mwaka huu niliziandika mimi, yeye akinitajia maneno. Ulipouliza mbona mwandiko wake umekuwa wa kitoto, alicheka. "Mwambie ni uzee, hata yeye unamjia."

Sisi wengine tu wazima. Mahindi tumevuna, na mdogo wangu Byron amevunjika jino akicheza mpira. Chai Mama bado anamimina mwenyewe, ila huchovya kidole kikombeni ajue imejaa.

Anti, tangu wewe, Mama na wenzenu mmalize chuo cha ualimu, kila Desemba mnakutana kwa mmoja wenu. Mwaka huu ni zamu yetu, na Mama akaniamuru niandike kwamba msije, eti barabara imeharibika. Barabara ni nzuri. Nilipomuuliza sababu akasema, "Hao ndio bado wananiita Kezia Mbio. Sitaki wanishike mkono kunipeleka chooni."

Daktari alisema jicho moja likipasuliwa mapema litaona. Mama hataki kwenda na mimi, anasema mimi ni mtoto. Ninyi hawezi kuwashinda. Njooni tu, na mkifika mumtanie kwanza kama kawaida yenu. Kulia kuje baadaye.

Mimi binti yenu,
Emmaculate

Anakuja. Nasikia mkono wake ukipapasa ukuta. Wacha niifiche karatasi hii chini ya mto, ingawa hawezi kuiona.