Visima Kumi na Vitatu

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenihama.

Unajua kazi yangu hapa jaridani ni kukagua makala, tusije tukachapa zilizoibwa. Juzi imekuja moja, jina la mwandishi limefichwa kama kawaida. Kompyuta imesema ni safi. Lakini inataja visima kumi na vitatu vya mtaa wetu wa zamani, na vipo kumi na viwili. Marehemu mama ndiye aliyehesabu kimoja mara mbili alipokuwa akivitafiti. Aligundua akiwa kitandani hospitalini, akacheka mpaka akakohoa.

Utafiti wake haukuchapwa popote, na daftari lake unalo wewe. Niambie si wewe.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile.

Dada yangu ana miaka sita kaburini, jina jaridani litamfaa nini? Mimi nimebakiza makala moja niwe profesa. Mashine yenu imesema safi. Wewe nani useme chafu? Nakuomba, mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite.

Mjomba wako

12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakuombea afya, kwa dhati.

Nimemweleza mhariri mkuu yote, pamoja na undugu wetu, kisha nikajitoa kwenye shauri hilo. Atakuandikia akitaka daftari. Sikuweza kufunika. Kila nikifungua makala ile namwona mama ameinamia kisima, amenipa mgongo. Nikimwita hageuki.

Mpwa wako

29 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Nisamehe kwa ukimya.

Makala nimeiondoa. Chuo nimekiandikia mwenyewe, nikakiri. Uprofesa basi, na madarasa wameninyang'anya. Ni haki yao. Daftari linakuja na barua hii.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku zote nilizokuwa nanakili, dada alikuwa mle chumbani. Nikibadilisha neno lake, namsikia: "Siyo hivyo, mdogo wangu." Nami namjibu, tunabishana kama zamani, mpaka jirani akaniuliza nina mgeni gani.

Jana nilichukua nakala iliyobaki, nikafuta jina langu, nikaandika lake. Nikaweka kalamu chini, nikamngoja aseme neno, hata la kunitukana.

Nimekaa mpaka chai ikapoa. Hakusema kitu, mwanangu. Nimebaki peke yangu.

Mjomba wako