Joka la Dada Rehema

Shikamoo dada Rehema,

Moshi kuna baridi, lakini mtori wa huku unapasha moto hadi vidole vya miguu. Jana kwenye kibanda cha video hapa Mawenzi walionyesha sinema ya kile kitabu cha joka ulichokuwa ukinisomea utotoni. Mwishoni joka likauawa. Nikalalamika kwamba wameharibu, maana kitabuni linazeeka likichunga mbuzi wa kijiji. Waliokisoma wakanigeukia.

"Kaka, hata kitabuni linauawa," mmoja akaniambia kwa upole.

Ndipo nikakumbuka kwamba kurasa za mwisho za kitabu chetu ziliharibiwa na mchwa, nawe ukaendelea kusoma tu.

Leo watoto wa mwenyeji wangu wameniomba hadithi. Joka bado linachunga mbuzi, dada. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Hamisi