Kigingi cha Njia Panda

Nyumba ya wageni, chumba namba sita
Siku ya tisa ya safari, alasiri

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, mguu umeupumzisha juu ya kiti kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakufahamu vya kutosha kujua kwamba itakukuta jikoni, umeegemea meza, ukimwambia kila anayepita kuwa hujambo kabisa. Je, usingizi umerudi? Ile dawa ya asubuhi bado inakutia kizunguzungu? Kwa upande wangu afya ni njema. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi, lakini nikishakaa juu ya baiskeli hunyamaza, na kwa mtu wa miaka hamsini na minane hilo si haba.

Barua yako ilinifikia siku moja kabla sijaondoka, na kwa siku tisa nimeibeba katika mkoba wa mbele wa baiskeli, pamoja na ramani. Nimeisoma kila tulipolala. Unaeleza kwamba upasuaji wa nyonga umepangwa tarehe nne ya mwezi ujao. Kwamba hospitali haitakupokea mpaka uandike jina la mtu atakayekaa nawe nyumbani wiki sita. Kwamba binti wa jirani alijitolea, nawe ukamwambia asihangaike, maana wifi yako atakuja kama alivyokuja mwaka ule ulipovunjika mkono. Unaomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Leo ni tarehe ishirini na tatu. Jibu ninalo tangu siku niliyoifungua bahasha, na nimelikalia. Nakuomba unistahimili nikusimulie kwanza siku ya leo, kwa kuwa pasipo siku ya leo huenda ningeendelea kulikalia.

Tuko waendesha baiskeli kumi na wawili. Kiongozi wetu, ambaye wote humwita Nahodha, alikuwa mwalimu wa michezo hadi alipostaafu, na filimbi haimtoki shingoni hata anapokwenda kuoga. Wa mwisho kabisa ni mwuza dawa mmoja mnene, mcheshi, tunayemwita Mkia, kwa sababu kazi yake ni kuwa nyuma ya wote na kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa. Mimi nimeitwa Profesa, cheo ambacho chuo changu hakijanipa kwa miaka ishirini na sita niliyofundisha upimaji wa ardhi. Siku ya kwanza nilijaribu kuwasahihisha. Wakacheka, na jina likaganda.

Kati ya Nahodha na Mkia huwa pana kilomita tano, pengine kumi, na njia za miji midogo hazina vibao. Kwa hiyo kundi lina utaratibu wake. Tukifika njia panda, yule aliye nyuma tu ya Nahodha hushuka, husimama penye pembe, na kuwaonyesha wenzake kwa mkono upande wa kwenda. Huyo ndiye kigingi. Kigingi haondoki mpaka Mkia apite. Mkia akipita, kigingi hupanda baiskeli na kuungana naye. Kanuni ni hiyo moja tu, na lazima nikiri kwamba ndiyo kitu cha kwanza nilichokipenda katika safari hii. Inafanana na kazi yangu: unasimamisha nukta moja mahali panapojulikana, na wengine wote wanajipima kwayo.

Leo asubuhi tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Saa tatu kasorobo tuliingia katika mji wenye mtaa mmoja wa maduka, kituo cha mafuta, na njia panda mbele ya kibaraza cha fundi cherehani. Nilikuwa nyuma ya Nahodha. Akaonyesha kushoto, akaniachia pembe, akaenda. Nilisimama nikawahesabu wenzangu kadiri walivyopita: mmoja, wawili, kisha watatu kwa pamoja, hadi wakatimia tisa. Wa tisa alipita saa tatu na dakika kumi. Alibaki Mkia peke yake.

Mkia hakuja. Baadaye nilielezwa kilichotokea, na nakiandika hapa ili usidhani kulikuwa na ubaya wa mtu. Kilomita chache kabla ya mji ule mnyororo wake ulikatika. Lori la mbao likasimama, dereva akamsaidia, baiskeli ikapakiwa juu ya mbao. Akampigia simu Nahodha kumwarifu. Dereva alikuwa na mzigo wa kushusha upande wa mtoni, hivyo akashika barabara ya chini, ambayo haipiti penye njia panda ile. Mkia alidhani Nahodha atanipigia. Nahodha alidhani lori litapita nilipo na Mkia atanichukua mwenyewe. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na kila mmoja akaendelea na shughuli zake kwa dhamiri safi.

Nami nilisimama. Ilipogonga saa nne fundi cherehani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliacha kushona sare za shule akaniuliza kama ninailinda barabara isiibiwe. Nilimjibu kwamba namsubiri mwenzangu. Akaniletea kigoda. Nilimshukuru nikakikalia kwa upande, uso ukielekea barabarani, Mkia asije akanipita nisimwone.

Alikuwa na maneno mengi, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, aliyatoa yote. Alitaka kujua huyo mwenzangu asipokuja itakuwaje. Nilimweleza kanuni. Akasema kanuni hiyo bila shaka ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kusimamishwa yeye. Alitaka kujua kama nina mke, na kama mke huyo anafahamu kwamba mumewe ameegeshwa nje ya duka la watu. Nilisema ninaye, tena anafahamu, na atapiga simu jioni. Maneno yalinitoka mepesi, kama mtu anayetaja jina lake. Sikuishia hapo. Nilimwambia kwamba mke wangu huimba anapopiga pasi, kwamba haiwezi harufu ya rangi mpya, kwamba kila chumba anachoingia hufungua dirisha kabla ya kuketi. Hayo ya mwisho yote ni kweli, Dada. Katika hayo nilikuwa makini nisiseme uongo.

Fundi akafurahi. Akatoa kabatini gauni la kijani ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua tangu mwaka jana, akasema atalirekebisha nikampelekee mama, mradi nimpe vipimo. Akashika utepe wake akangoja. Mabega? Sikujua. Kiuno? Sikujua. Basi urefu tu, akasema, anakufika wapi. Niliinua mkono hadi kidevuni, nikaushusha hadi begani, nikauinua tena. Nimepima mashamba, mito, mipaka ya wilaya mbili. Nimewahi kugundua kosa la sentimita nne katika ramani iliyotumika miaka thelathini. Mkono wangu ulibaki hewani kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

Fundi alicheka hadi akavua miwani. "Baba wewe," akasema, "mume gani hajui mkewe anamfika wapi? Huyo mama ukimpoteza sokoni utamtafutaje?"

Nilicheka naye. Akalikunja gauni, akalirudisha kabatini, akarejea kwenye sare zake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wenzangu hawalijui. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji, na mtandao ulikuwepo. Ningeweza kumpigia Nahodha saa nne, saa tano, saa sita. Sikupiga, na kanuni haikuwa sababu. Nilitaka kujua ni saa ngapi mtu angehesabu akaona kumi na mmoja. Nilikuwa nafanya jaribio, kama ninavyowafundisha wanafunzi: usikiguse chombo, subiri, andika kinachosomeka. Saa sita nilijua wameshafika, wameshaoga, wameketi kula. Simu ilikuwa kimya. Saa saba ilikuwa kimya. Kivuli changu kilikuwa kimeingia chini ya miguu yangu na kutoka upande wa pili. Saa saba na dakika ishirini nilipiga mimi.

Nahodha alipokea huku nyuma yake kukiwa na sauti za sahani na vicheko. Nilimwambia nipo njia panda. Akauliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Profesa, si uko chumbani kwako?"

Alieleza kwamba hawakuniona mezani wakadhani nimepumzika na vitabu vyangu, kama kawaida yangu, hivyo wakaona wasinisumbue. Wameniwekea chakula, wamekifunika. Alitaka kuniletea gari, nilikataa. Nilimrudishia fundi kigoda chake, nikaendesha kilomita thelathini na nane peke yangu, na kwa njia nzima nilikuwa nikilisikia swali lile. Kwa haki kabisa, Dada, sikuweza kumlaumu aliyeliuliza.

Nilifika saa kumi. Mkia alikuwa langoni, ameketi juu ya boksi la soda, hajabadili nguo. Aliomba radhi bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo kwake ni kazi ngumu. Kisha akaniuliza kwa nini sikupiga simu mapema. Nikamjibu kwamba kanuni inajulikana. Akasema, "Siku tisa tunakula pamoja, na mimi sijui hata una watoto wangapi. Njoo ukae meza yetu leo." Nilimwambia nina barua ya kuandika kwanza, na kwamba watoto sina.

Dada, wifi yako hatakuja. Hayupo kwangu tangu miezi saba iliyopita.

Yuko salama, anaishi kwa kaka yake na anafanya kazi katika ghala la vitabu vya shule. Aliniandikia mara moja kunijulisha hilo, kwa adabu. Hapakuwa na ugomvi, wala sitaki umfikirie vibaya, wala mimi usinihurumie kabla hujasikia yaliyobaki. Aliondoka siku ya Jumanne asubuhi, nikiwa chuoni. Nilirudi saa kumi na moja. Nilikuta chakula mezani kimefunikwa, nikala. Nilisahihisha mitihani. Nilimwambia, kupitia ukuta, kwamba bomba la uani linavuja na fundi atakuja Ijumaa. Sikuona ajabu kwamba hakunijibu. Jumatano asubuhi nilipokwenda chumba cha pili kutafuta rula ndipo nilipoona kitanda kimetandikwa, kabati li wazi, na karatasi dirishani inayosema kwamba alijaribu kuniaga mara tatu wiki ile na kila mara nilimwambia asubiri nimalize ukurasa.

Mke wangu alikuwa ameshafika mji mwingine nami nazungumza na ukuta. Nahodha alinisahau kwa saa nne. Mimi nilihitaji zaidi ya nusu siku, na nilikuwa ndani ya nyumba ileile.

Tangu hapo nimekuandikia barua nne, na katika zote nimekuletea salamu zake. Nilizitunga mimi. Kile kifua kilichombana mwezi wa pili nilikitunga pia, kwa sababu uliuliza kwa nini haongezi maneno yake mwishoni kama zamani. Ukamfumia sweta. Lilifika. Limekunjwa kabatini mwake, na kila nikilifungua kabati lile naona jinsi ulivyorudia kufuma kola ili isimkwaruze shingo. Sikuwa nakulinda usihuzunike, ingawa ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo yeye bado yuko kwangu, nikapaweka katika barua zako. Sikufikiri kwamba wewe nawe ulikuwa umesimama mahali hapo, unamngoja.

Mwambie binti wa jirani kwamba ulikosea kumkatalia, na kwamba kosa ni la mdogo wako. Akiwa bado yu tayari, mpokee. Asipoweza, andika jina langu katika fomu ya hospitali. Sijui kuuguza. Najua kupika vitu vitatu, na viwili kati ya hivyo ni mayai. Lakini likizo yangu bado ina wiki tisa, na basi la kuelekea kwako litapita hapa kesho saa mbili asubuhi. Nimeshamwarifu Nahodha. Nitakuwa mlangoni kwako keshokutwa, pengine kabla barua hii haijafika. Hata hivyo nimeiandika, kwa sababu ana kwa ana ningetafuta namna ya kulizungumzia bomba.

Ukiona hunitaki, sema. Nitalala nyumba ya wageni iliyo karibu nawe na kuja mchana. Ukinipokea, niite kila unaponihitaji, na nikikuambia usubiri nimalize ukurasa, nitupie kitu.

Chini wameanza kupanga viti. Mkia ameniita mara mbili kutoka uani, na mara hii nimeitika.

Wasalimie majirani wote, na huyo binti hasa, mwombe radhi kwa niaba yangu. Nawe pokea heshima na mapenzi yangu. Salamu za barua hii ni zangu peke yangu. Hakuna mwingine aliyenituma.

Ni mimi mdogo wako