Nyasi za Nyumbani kwa Mama

Bukoba, 3 Machi 1947

Dada Celina,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nanenepa tu, mji unanipenda. Mtoto homa imemwacha? Ulipokuwa naye hospitali ya Rubya nilifika Izigo nikaitengeneza nyumba ya Mama. Zile nyasi za sakafuni nilizifagia zote, nikazichoma. Vyungu nimevipanga ukutani kwa urefu, kama askari. Mtungi kulia, kigoda nyuma ya mlango. Tulipokuwa vitani Bama, sajini alikuwa analeta watu waje kutazama nilivyotandika kitanda changu. Mama haoni, najua, lakini wageni wanaona. Usisogeze hata kata ya maji.

Kaka yako, Philbert

Izigo, 12 Machi

Kaka Philbert,

Sisi hatujambo, mtoto amepona. Kifua chako je?

Mama alikuwa anaiona nyumba kwa nyayo. Nyasi zilizokanyagika zilimpeleka mtungini; zikianza kuwa laini alijua kafika kitandani. Juzi alitaka maji, akakanyaga makaa. Kidonda si kikubwa. Ila tangu hapo hanyanyuki, anakaa pale nilipomkalisha. Akiendelea hivi itabidi ahamie kwangu, na unajua alivyoapa kufia kwenye nyumba aliyojengewa na Baba.

Dada yako, Celina

Bukoba, 17 Machi

Dada,

Habari za kidonda? Siku mbili sijamchekesha mtu, wenzangu wanadhani naumwa. Mtungi ulikaa wapi? Na kigoda? Nimejaribu kuchora. Kambi ya Bama nimeichora yote mpaka choo, nyumba ya Mama nimeshindwa, na nilizaliwa mle. Tandika nyasi mpya, vyombo uvirudishe. Jumapili nakuja na baiskeli, nizikanyage mwenyewe mpaka zilale.

Kaka yako

Izigo, 29 Machi

Kaka Philbert,

Tulikungoja Jumapili. Natumaini ni baiskeli tu, si kifua.

Nyasi nilizitandika, nikazikanyaga na watoto siku tatu. Vyombo nikavirudisha nilivyokumbuka. Mama akaweka mguu, akapapasa, akaurudisha. Akaniuliza, "Celina, hapa ni kwa nani?"

Yuko kwangu tangu jana. Anakula. Hakulaumu, ameuliza tu kama siku hizi unavaa viatu. Nyumba yake tumeifunga. Ndani kila kitu kiko mahali pake.

Dada yako, Celina