Seksheni ya Mume Wangu

Jumatatu, 6 Mei

Sajinimeja kaleta magwanda asubuhi, marundo manne, akayabwaga kwenye meza yangu ya cherehani. Beji za batalioni zitoke, zishonwe za brigedi ya mpakani. Mia na ishirini — kombania nzima! Nikamuuliza ipi. Akasema fundi anashona kwa sindano, si kwa mdomo. Lakini majina yamo ndani ya kola. Ni ya pili. Ya mume wangu.

Jumanne, 7 Mei

Mume wangu kakiri. Wanaondoka Ijumaa.

Yeye ni koplo, ana seksheni yake: watu kumi, naye akiwemo. Seksheni tatu ni platuni, platuni tatu na makao yake ni kombania. Miaka tisa ya ndoa naisikia hesabu hiyo. Sasa kombania yao ina mapengo, kwa hiyo kombania ya nne imevunjwa, watu wake wanagawiwa kuyaziba. Mdogo wangu yuko ya nne. Nikauliza kaangukia wapi. Mume wangu akainama kufunga kamba za buti zilizokwisha kufungwa.

"Kwangu."

Jumatano, 8 Mei

Mama kaja. Mdogo wangu hana kifua, kamwambia yote. Hata kukaa hakukaa. Mkwe na mwana lori moja, handaki moja! "Bomu likitua hapo, nizike wangapi?" Mmoja atolewe. Nikamwambia jeshini hakuombwi hivyo. Basi omba unavyojua wewe, akasema, akajifunga kanga upya na kuondoka.

Nikaenda stoo kwa Sajinimeja. Kanisikiliza — ajabu! Inawezekana kubadilisha mtu, kasema, mkuu wa seksheni akisaini na fomu ikifika ofisini kesho kabla ya saa nne. Mdogo wangu abaki kulinda kambi, na mmoja wa walinzi aende badala yake.

Nani?

Kinyozi.

Anayemnyoa mume wangu kila Jumapili barazani kwetu. Naye ana mama.

Alhamisi, 9 Mei

Mume wangu hakugusa chai. Hataki kuwa koplo wa kuchagua mtoto wa nani aende. Nikapaza sauti — huyu nimembeba mgongoni! Yeye hakupaza. Akasema kule mbele, shemeji yake akiwa kushoto, macho yake yatakuwa kushoto tu. Na wale wanane wengine?

Akasaini. Si kwa ajili ya Mama, kasema. Kwa ajili ya wale wanane.

Fomu nimeibeba mimi. Uwanjani mdogo wangu kanikimbilia, jasho tupu, kanishika mkono. Kashasikia. "Dada, usinifanyie hivi. Kombania yangu imevunjwa, na hii pia unanitoa? Nani ataingia?" Nikaikunja fomu. Kaniachia mkono, kageuka.

Mbele kidogo Kinyozi, mkasi mkononi, anamnyoa mtu. Kanipungia. "Shemeji! Mwambie koplo aje nimpunguze kichwa kabla ya safari, asiende kututia aibu huko!" Anacheka. Hajui lolote.

Naandika hapa, benchi la nje ya ofisi. Saa nne kasoro dakika tano. Mlango uko wazi, fomu iko mapajani. Karani katoka mara mbili kuniuliza kama nina cha kuingiza.

Mara zote mbili nimemjibu namsubiri mtu.